Picha za Familia Zisibaki Kwenye Simu Moja

Ukitaka leo kuona picha za Komunyo ya Kwanza ya mwanao, za jubilei ya wazazi au za mazishi ya bibi, utafungua simu. Albamu za karatasi zimekuwa chache majumbani mwetu, Mazinde na kwingineko. Simu hiyo ikidondoka majini au ikiibiwa kwenye basi la Korogwe, picha zimekwenda nayo. Simu nyingine hununuliwa. Sura ya marehemu hainunuliwi.

Wengi hutegemea akaunti ya Google. Ni msaada, lakini tangu tarehe 1 Juni 2021 picha mpya zinahesabiwa ndani ya gigabaiti 15 za bure, pamoja na barua pepe. Nafasi ikijaa, unaanza kulipia. Kupakia video nako kunamaliza bando. Tena intaneti huweza kukatika, kama ilivyotokea tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipoharibika na nchi yetu ikaathirika.

Njia nyingine ni kuweka ghala la picha nyumbani kwa kutumia kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012 kutoka Uingereza. Upana wake unakaribia kadi ya NIDA. Tukadirie kwamba pamoja na diski yake inatumia wati 5. Ikiwashwa usiku na mchana kwa siku 30, itatumia uniti 3.6 za umeme: sawa na balbu ya zamani ya wati 60 inayowaka kwa muda wa saa mbili kila usiku.

Vifaa vinavyohitajika

Tafuta Raspberry Pi 4 na chaji yake ya volti 5 na ampea 3. Chaji dhaifu ya simu huifanya izimike ovyo. Ongeza memori kadi ya gigabaiti 32 kwa ajili ya mfumo, diski ya nje ya SSD kwa ajili ya picha, na ruta ya waifai. Usiweke picha kwenye memori kadi, kwa maana kadi huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara. Picha moja ikiwa na megabaiti 5, diski ya terabaiti 1 hubeba kama laki mbili. Video hula nafasi zaidi.

Hatua za kufuata

Kwanza, kwa kompyuta nyingine, tumia programu ya Raspberry Pi Imager kuandika mfumo kwenye memori kadi. Hapo hapo weka jina la mtumiaji, nenosiri gumu na waifai ya nyumbani.

Pili, iwashe, unganisha diski, kisha sakinisha Syncthing, programu ya bure. Kwenye simu ya Android weka Syncthing-Fork.

Tatu, unganisha folda ya kamera ya simu na folda iliyo kwenye diski. Simu iwe ya kutuma tu, na kompyuta iwe ya kupokea tu. Kila simu ya familia iwe na folda yake. Simu ikiwa kwenye waifai ya nyumbani, picha zitahama zenyewe, hata kama hakuna intaneti wala bando.

Nne, na hapa usipite haraka: Syncthing hulinganisha folda mbili. Mtoto akifuta picha kwenye simu, itafutwa na kwenye diski pia. Kwa hiyo, kwenye mipangilio ya folda upande wa kompyuta, fungua sehemu ya matoleo ya faili na uchague kapu la taka, kisha weka siku 0. Kilichofutwa kitabaki kapuni bila kikomo.

Mambo ya kuangalia

Umeme ukikatika ghafla, faili huweza kuharibika. UPS ndogo inafaa. Usilifungulie ghala hili njia ya kufikiwa kutoka nje kupitia intaneti, kwa sababu lina picha za watoto na za wagonjwa.

Zaidi ya hayo, moto au mwizi akiingia nyumbani, simu na diski huweza kupotea kwa siku moja. Ndiyo maana wataalamu hushauri nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Kila mwezi nakili picha zote kwenye diski ya pili, uipeleke kwa ndugu anayeishi Lushoto au Tanga.

Mwisho, kila baada ya miezi mitatu chagua picha kumi kutoka kwenye diski, zirudishe kwenye simu nyingine na uzifungue moja moja. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu. Zikifunguka zote kumi, mwonyeshe na mtu mwingine wa nyumbani jinsi ya kufanya hivyo, ili picha zisipotee siku wewe usipokuwepo.