Spec C ya Kitambo ama S4 ya Juzi?

Kwa mbogi ya Subaru hapa Nairobi kuna swali haijawahi isha. Uko na ganji ya ndae moja. Unabeba Impreza WRX STI Spec C ya 2006 yenye iko Kenya tayari, ama unaagiza WRX S4 Japan ishukie Mombasa? Mimi nasimama na Spec C, ila ukiniletea yenye imechokorwa, hapo mi nasare.

Kwanza cheki sheria. Kenya hairuhusu ndae ya mtumba yenye imepita miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. S4 ukiikosa mwezi huu, utaipata mwezi ujao. Spec C ilifungiwa mlango kitambo. Zenye ziko ni zenye ziko, na kila moja ikilipuka Waiyaki Way ama ikikatwakatwa iuzwe spea Kirinyaga Road, hakuna ingine inakuja kuziba pengo. Hata S208, STI yenye Subaru walitoa 450 pekee 2017 na kuziuza Japan kwa bahati nasibu, saa hii imeshapitwa na hiyo miaka 8.

Na ujue Spec C si stika. Wale majamaa waliikondesha makusudi: vioo vyembamba, uzito umepunguzwa kila mahali, giaboksi ya gia 6, alafu kile kigurudumu kidogo karibu na gia, DCCD, chenye kinakuwachia uamue difu ya katikati ishike kiasi gani. Ukiiendesha barabara ya murram Naivasha unajua kwa mikono yako kila tairi inafanya nini. Kuna ndugu zake zenye zilihesabiwa kabisa: S203 zilikuwa 555, S204 zikawa 600, RA-R ya 2006 zikawa 300 tu. Msee akikushow yake ni moja ya hizo, usiamini beji, beji inauzwa dukani. Soma chasis namba, soma ile plate ya modeli kwa chumba cha injini, alafu ulinganishe na logbook.

S4 nayo haitaki madharau. Karatasini inaikalia Spec C kwa nguvu: hp 300, huku Spec C ikiandikwa 280. Iko na kamera za EyeSight zenye zinafuata gari ya mbele kwa jam, injini ya FA20 inatumia cheni badala ya mkanda wa timing, na kampuni ya bima itakupea comprehensive bila kukukunjia sura. Kama unatoka Rongai kila asubuhi na mtoto wa shule nyuma, beba S4 na usijilaumu. Lakini ni CVT tu, maze. Hakuna klachi. Ile ya kizazi kipya, ya kuanzia 2021, iko na lita 2.4 na Japan ilitoka pia na CVT. Subaru wenyewe walisema 2022 kwamba STI ya petroli haitatoka kwa bodi hiyo.

Kitu wasee wengi hawajachanuka nayo ni mngurumo. Wanadai Spec C juu ya ile sauti ya bugubugu, na hiyo sauti iliisha nguvu pale STI za Japan zilipohamia turbo ya twin-scroll na manifoldi za urefu sawa. Kama unafuata sauti ya Impreza yenye Colin McRae alishinda nayo Safari Rally 1997, tafuta GC8 nzee, utajibamba zaidi na utalipa kidogo.

Sasa injini. EJ20 ya STI iliundiwa petroli ya okteni 100, na super yetu ya kawaida haifiki hapo. Mwenye alikuwa nayo akiongeza boost bila kutuniwa vizuri, pistoni na bearing za rodi ndizo zimelipa. So fika asubuhi kabla haijawashwa, shika boneti uhakikishe ni baridi, alafu uiwashe ukisikiliza kama kuna kitu kinagonga huko chini. Mwaga oili uangalie kama inameta vumbi la chuma. Lipa fundi wako, si wa muuzaji, apime compression silinda zote nne. Mwenye akikataa hapo umeshajibiwa. Iinue pia ucheki welding. Spec C kadhaa zimeonja rally, na hiyo si dhambi. Ngori ni ndae ya rally imepakwa rangi ikaitwa ya mama wa kanisa.

Bei ya S4 ukiihesabu, usisahau ushuru: import duty 35%, excise 25% juu injini imepita 1500cc, VAT 16% juu ya hizo, na bado ada zingine ndogo. Ukikaa chini na kalkuleta utaona Spec C safi haiko mbali vile ulidhani. Tofauti ni kwamba ya Spec C lazima ubaki na doh ya injini pembeni, ikae benki isiguswe, hata kama compression imesoma poa.

Na isiposoma poa, mrudishie mwenyewe funguo. Agiza S4, irolishe kazini, alafu uendelee kusaka.