Punda Aliyekonda Haponi kwa Siku Moja

Katika skimu za Nyandarua, punda ndiye lori la mkulima mdogo. Tangu mashamba makubwa ya Kinangop yalipokatwa vipande miaka ya 1960, yeye ndiye anayepeleka maziwa kituoni, kuleta maji kutoka mtoni, na kufikisha kabeji na viazi kwenye barabara kubwa wakati magari yamekwama matopeni. Huko Mwea huvuta magunia ya mpunga. Lakini ng'ombe wa gredi akikohoa mara moja, daktari wa mifugo huitwa mbio. Punda huchechemea mwezi mzima na hakuna anayeinua mguu wake autazame.

Mama mmoja wa Kinangop alimkuta punda jike amesimama kando ya njia, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Mbavu zake zilihesabika. Shingoni alikuwa na kidonda kipana kama kiganja, kimejaa nzi, na kwato zimerefuka hata zikapinda juu. Mama huyo hakumswaga mpaka kwake moja kwa moja. Alikwenda kwanza kwa chifu, na alifanya vema, kwa sababu punda wa njiani ana mwenyewe, na anayemchukua kimya kimya huweza kuitwa mwizi. Mwenyewe alipopatikana alisema punda huyo hana kazi tena, amchukue tu. Chifu aliandika barua, wote wawili wakatia sahihi.

Usiku ule mama alitaka kumpa debe zima la mahindi, maana alimwonea huruma. Jirani yake alimzuia. Huruma hiyo ingalimwua.

Yafaa ujue sababu. Mnyama aliyekaa na njaa majuma mengi huishi kwa kula mafuta na nyama ya mwili wake mwenyewe. Ukimjaza nafaka ghafula, chumvi fulani zilizo katika damu yake hupungua upesi, na moyo huweza kusimama siku chache baadaye, wakati wewe unadhani ameanza kupona. Tena nafaka nyingi humletea msokoto wa tumbo, na ugonjwa wa kwato wenye maumivu makali. Kwa hiyo mwanzo mpe nyasi kavu safi, konzi chache kwa wakati mmoja, mara 5 au 6 kwa siku, ukiongeza kidogo kidogo mpaka zipite siku 10. Majani yenye ukungu usimpe kabisa, hata kama ng'ombe wako huyala. Maji nayo mpe kidogo kidogo siku ya kwanza ikiwa amekauka sana. Baadaye mwekee maji safi wakati wote. Punda mzima huweza kumaliza debe moja kwa siku, na zaidi wakati wa jua.

Kidonda kioshwe kila siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na chumvi kijiko kimoja cha chai katika nusu lita. Wako wakulima wanaopaka oili chafu ya gari, au maji ya betri, au kuchoma kidonda kwa chuma cha moto. Mambo hayo huchoma nyama nzima na kuongeza ugonjwa. Mwite daktari wa mifugo pia kwa ajili ya sindano ya pepopunda. Wazee hawakuliita gonjwa hilo jina hilo bure, kwa kuwa punda na farasi hushikwa nalo upesi kuliko ng'ombe. Daktari atamtazama meno vilevile. Meno ya punda huota ncha kali zinazokata shavu, na wengi wanaodhaniwa kuwa wana minyoo huwa wanashindwa kutafuna tu. Dawa ya minyoo hufuata, kwa kipimo atakachosema yeye. Kwato ndefu zikatwe kidogo kidogo, kila baada ya majuma 6 au 8, maana ukizirudisha zote siku moja utamwumiza mishipa.

Jambo moja usilingojee hata kidogo. Punda akikataa chakula siku nzima, mwite daktari siku ile ile. Mafuta ya mwili hukimbilia katika damu na kuharibu ini, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa jike mwenye mimba na kwa punda aliyenenepa. Punda huficha maumivu. Hulia mara chache, husimama tu na kuinamisha kichwa. Wakati mwingine anakataa kula kwa sababu ametengwa na mwenzake waliyezoeana.

Sasa turudi kwenye kile kidonda cha shingo. Kilitokana na nira ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu na shingo nene, naye husukuma nira kwa hiyo. Punda hana nundu; nguvu yake iko kifuani. Mfunge ukanda mpana wa kifua, wenye kitambaa laini ndani, usiokaba koo. Ukimpakia mgongoni, mzigo usizidi kilo 50 hivi. Makopo mawili ya maziwa ya lita 50 yaliyojaa yana zaidi ya kilo 100, na watu huyapakia kila asubuhi! Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, humwadhibu anayempiga mnyama kikatili, kumlemeza kwa mzigo au kumnyima chakula.

Asiyejali sheria na atazame hesabu. Sensa ya 2009 ilipata punda zaidi ya milioni 1.8 katika Kenya; ile ya 2019 ilipata karibu milioni 1.2. Kuanzia 2016 vilifunguliwa vichinjio vya punda, ngozi zikapelekwa China kutengenezwa dawa, na wizi ukaenea vijijini. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo 2020, mahakama ikaiondoa marufuku hiyo 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana huko Addis Ababa kuzuia biashara ya ngozi hizo. Basi punda unayemwacha afe leo, kesho hutampata mwingine kwa bei ile ya zamani.

Yule jike wa Kinangop alikaa miezi mitano bila kazi. Akaanza kwa kuvaa ukanda mtupu nusu saa kila siku, kisha nusu mzigo. Sasa hubeba makopo mawili ya lita 20, moja kila upande, na Jumapili hapelekwi popote. Mwenyewe wa kwanza alipomwona amenenepa alikuja kudai arudishiwe. Mama akaingia ndani, akafungua sanduku, akatoka na ile barua ya chifu.