Meli ya Liemba na upande wa Kindu usiosimuliwa

KINDU – Anayetoka Tunda, katika eneo la Kibombo, akielekea Ziwa Tanganyika, hukutana njiani na reli ya Kindu–Kongolo iliyoanza kazi mwaka 1911. Ni wachache wanaojua kwamba reli hiyo, pamoja na mto Lualaba, ina sehemu yake katika kisa cha MV Liemba ya Kigoma, Tanzania, mojawapo ya meli za abiria za zamani zaidi duniani.

Meli hiyo ya mita 71 ilijengwa mwaka 1913 mjini Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa gari moshi kuelekea Kigoma. Februari 1915, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilishushwa majini na Wajerumani wakatawala ziwa.

Upande wa Kongo, Wabelgiji waliokuwa Kalemie walihitaji silaha ya kuikabili. Waingereza waliwapa ndege nne zinazotua majini. Zilishushwa Matadi zikiwa ndani ya makasha, zikapanda mto Kongo, zikapita Kisangani, Ubundu na Kindu, zikihamishwa mara kwa mara kutoka melini kwenda kwenye gari moshi na kurudishwa tena mtoni. Katikati ya mwaka 1916 ndege hizo zilianza kuangusha mabomu Kigoma.

Wajerumani walipoona mji unawaponyoka, waliizamisha meli wenyewe tarehe 26 Julai 1916. Kabla ya hapo mafundi waliipaka mitambo grisi nzito ili isiliwe na kutu. Ujanja huo ulifaulu. Wabelgiji waliiinua baada ya vita, lakini ikazama tena mwaka 1920. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tarehe 16 Mei 1927 ilianza safari ikiwa na jina Liemba, jina la zamani la ziwa hilo.

Tangu hapo, kuitembelea Liemba kulimaanisha kupanda na kusafiri nayo. Daraja la kwanza lilikuwa na vyumba vya kulala. Chini, abiria wa daraja la tatu walibanana na magunia ya dagaa na mafungu ya mananasi. Vijiji vingi vya pwani ya ziwa havina gati. Meli ilipiga honi na kusimama majini, mashua zikaikimbilia usiku na mchana, akina mama wakakabidhi watoto na mizigo kwa mikono iliyonyooshwa kutoka mlangoni. Mitambo ya mvuke iliondolewa miaka ya 1970 ikawekwa ya dizeli, lakini bodi ni ileile ya Papenburg.

Kwa Wakongomani, kumbukumbu ya karibu zaidi ni ya mwaka 1997. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi liliitumia Liemba kuwarudisha nyumbani makumi ya maelfu ya watu waliokuwa wamekimbilia Tanzania wakati wa vita vilivyomwondoa Mobutu. Meli iliyojengwa kwa ajili ya vita ikawa njia ya kurudi kwao.

Wazo la kuifanya makumbusho limetajwa mara kadhaa, na mfano upo. Filamu ya African Queen, iliyotokana na riwaya iliyochochewa na vita vya Tanganyika, ilipigwa mwaka 1951, sehemu yake karibu na Ubundu. Boti yake ndogo, iliyojengwa Uingereza mwaka 1912, leo imehifadhiwa Key Largo, Florida, na watalii hulipa kuipanda. Boti ya sinema imetunzwa Marekani. Meli yenyewe ilizeekea kazini, na Tanzania imeamua kuikarabati irudi majini.

Liemba ikihifadhiwa siku moja, swali litakuwa ni hadithi ya nani itakayotundikwa ukutani. Majina ya mafundi watatu wa Papenburg waliokuja kuiunga yanajulikana: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Waliobeba makasha ya ndege kutoka mashua hadi behewa, kando ya Lualaba, hawatajwi. Ramani moja tu ya njia ya Matadi, Kindu na Kalemie ingetosha kuanza kuwarudisha. Ingehitaji ukuta mmoja, na wazee wa Maniema wanaokumbuka walichosimuliwa na baba zao kuulizwa wangali hai.