Namba 60 katika mfupa wa Ishango

Mwaka 1950, mwanajiolojia wa Ubelgiji Jean de Heinzelin alifukua kipande cha mfupa huko Ishango, mashariki mwa Kongo, pale Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, ambalo nchi hiyo inapakana nalo pamoja na Uganda. Mfupa huo una urefu wa sentimita 10 hivi, umechomekwa kijiwe chenye makali nchani, na umechanjwa alama katika safu tatu. Umri wake hukadiriwa kuwa takriban miaka 20,000. Tangu hapo wataalamu wanabishana: aliyezichanja alama hizo alikuwa akihesabu tu, au alijua hisabati?

Ubishi huo unaizunguka zaidi namba 60. Safu moja ina mafungu ya alama 11, 13, 17 na 19, na jumla yake ni 60. Safu nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Jumla yake nayo ni 60. Tena mafungu yale manne ya kwanza ndiyo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, yaani namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe.

Namba 60 yenyewe ni kinyume kabisa cha namba tasa. Ina vigawo 12: 1, 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20, 30 na 60. Hakuna namba iliyo ndogo kuliko hiyo yenye vigawo vingi kiasi hicho. Hata 100 ina 9 tu. Ndiyo kigawe kidogo cha shirika cha namba zote kuanzia 1 hadi 6. Ndizi 60 zitagawiwa sawasawa watu wawili, watatu, wanne, watano au sita. Akiongezeka wa saba, kila mmoja atapata 8 na 4 zitabaki. Wababeli waliihesabia nyota namba hiyo, na saa ya leo ingali na dakika 60, ingawa wao walikuja maelfu ya miaka baada ya watu wa Ishango.

Hata hivyo, mshangao hupungua mtu akizitazama safu kwa makini. Zote mbili zina 11 na 19, ambazo pamoja ni 30. Zilizosalia ni 13 na 17 huku, 21 na 9 kule, na kila jozi ni 30 vilevile. Isitoshe, 11 na 21 ni 10 na 20 zilizoongezwa moja, nazo 19 na 9 ni 20 na 10 zilizopunguzwa moja. Nyongeza na pungufu hufutana, ikabaki 60. Mtu aliyezoea kuhesabu kwa makumi angeifikia bila kuzijua namba tasa, ambazo hazitambulikani pasipo kujaribu kugawanya. Safu ya kati inaonyesha jambo jepesi zaidi: 3 kando ya 6, 4 kando ya 8, 10 kando ya 5, yaani kuzidisha kwa mbili au kugawa nusu.

Mtafiti wa Marekani Alexander Marshack aliona humo kalenda ya mwezi. Miezi miwili mwandamo ni siku 59 hivi, karibu na 60. Lakini safu ya kati, yenye jumla ya 48, haiafikiani kirahisi na maelezo hayo. Mfupa wenyewe umehifadhiwa Brussels, katika jumba la makumbusho ya sayansi asilia.