Donge la Damu Moyoni mwa Kijana

Swali linalonijia mara kwa mara kutoka Mlalo, wilayani Lushoto, na vijiji vyake ni hili: kijana asiye mnene, ambaye kila siku ya gulio hupanda mlima na gunia la viazi, amewezaje kufa kwa maradhi ya moyo, yasemwayo kuwa ni ya wazee na matajiri wa mjini; na aghalabu jibu huwa limekwisha kutolewa kabla ya tabibu kuulizwa, kwamba karogwa, ama vilikuwa ni vidonda vya tumbo.

Wengi hudhani kuwa mshipa wa moyo huziba polepole, mfano wa bomba lijaavyo tope. Sivyo. Lehemu hujikusanya ndani ya ukuta wa mshipa, chini ya utando. Na utando huo upasukapo, au, kama itokeavyo sana kwa vijana wavutao sigara, ngozi laini ya ndani ichubukapo tu, damu hukutana na nyuzi ambazo haikuumbiwa kuzigusa, nazo chembe sahani za damu hunata pale pale, hubadili umbo, humwaga kemikali za kuziita nyingine, hata kwa muda mfupi donge likaifunga njia ambayo jana yake haikumzuia mtu kupanda mlima. Mwaka 1980 daktari DeWood wa Marekani alipiga picha mishipa ya wagonjwa waliowahi ndani ya saa nne tangu maumivu kuanza, akaikuta imefungwa kabisa kwa asilimia 87 yao.

Wala maradhi haya si ya ugenini: huko Moshi, katika watu 681 waliofika hospitali ya rufaa kwa maumivu ya kifua au kukosa pumzi, 152 walikuwa na shambulio la moyo, na wengi wao hawakutambuliwa na matabibu.

Basi, kwa kuwa kinachofunga njia ni donge la damu, yule auzaye chupa ya kitunguu saumu na limau ya “kuyeyusha mafuta” anayeyusha fedha za watu tu, na ule ujumbe wa simu uwaamrishao wagonjwa wakohoe kwa nguvu hauna faida yoyote.

Kifua kikibana kwa zaidi ya dakika kumi na tano, pamoja na jasho la baridi, tafuna aspirini moja ya miligramu 300, illa kama inakudhuru au unatokwa na damu. Utafiti wa 1988 wa wagonjwa 17,187 ulionyesha kuwa nusu tu ya kiasi hicho kwa siku hupunguza vifo kwa kadiri ya robo. Kisha usingoje asubuhi: tafuta gari la kwenda hospitali Lushoto, na ufikapo udai kipimo cha umeme wa moyo kabla hujaandikiwa dawa ya gesi.