Kabla Kijana Hajarudi Kilindoni

Familia ya kisiwani Mafia ikishampandisha kijana wao boti ya Nyamisati kwenda kutibiwa uraibu wa heroini, hudhani sehemu ngumu imekwisha. Kitabibu, sehemu hiyo ndiyo fupi. Arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, pamoja na kutapika, kuharisha na kukosa usingizi, huanza saa 8 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho, hukaza siku ya pili na ya tatu, na mara nyingi hutulia ndani ya siku 10. Hamu ya unga ndiyo inayobaki, kwa miezi hata miaka. Kwa ajili ya hamu hiyo kuna nyumba za upataji nafuu, zile ambazo wengi huziita soba hausi.

Zanzibar ilipata ya kwanza mwaka 2009, kwa juhudi za Suleiman Mauly, ambaye mwenyewe alipitia uraibu. Humo watu huamka kwa saa maalumu, hufagia, hupika kwa zamu na kukaa vikao vya hatua 12 za kuacha uraibu. Kila kazi ina maana: ubongo uliozoea raha ya kete hujifunza upya kuridhika na siku ya kawaida, na mgeni humwona aliyemtangulia akiishi bila unga.

Nguvu ya kuishi pamoja imepimwa. Marekani, nyumba za Oxford House, zilizoanza Maryland mwaka 1975, huendeshwa na wakazi wenyewe: wanalipa kodi, wanachagua viongozi, na anayerudia kutumia anaondoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulifuatilia watu 150 waliomaliza matibabu jimboni Illinois. Baada ya miaka miwili, waliokuwa wakitumia kilevi au dawa walikuwa asilimia 31 kati ya waliopelekwa kwenye nyumba hizo, na asilimia 65 kati ya waliopata huduma za kawaida.

Basi kijana akirudi Kilindoni, asirudishwe kwenye upweke. Kisiwa ni kidogo. Maskani aliyoiacha ataipita akienda sokoni, tembo la mnazi liko karibu, na jina la “teja” litamsubiri. Kabla hajapanda boti, familia ikubaliane: nani atampa kazi, nani atamtunzia fedha mwanzoni, nani ataamshwa usiku hamu ikimbana, na saa ngapi atampigia simu mwenzake wa soba hausi.

Lipo jambo la uhai na kifo. Mwili uliokaa miezi bila heroini hauimudu tena dozi ya zamani. Akirudia kiasi kilekile, pumzi inaweza kukatika. Mkimkuta haamki, anakoroma isivyo kawaida, midomo imebadilika rangi, mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali. Wala msimtishie: anayeogopa kufukuzwa na familia atatumia kwa kujificha, peke yake, na hapo hakuna wa kumwokoa. Akirudia, mrejesheni kwa watoa tiba. Ipo pia tiba ya methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili Februari 2011.

Vikao vya hatua 12 vina asili ya watu wawili tu, Bill Wilson na Dkt. Bob Smith, waliokutana Akron, Ohio, mwaka 1935. Mafia nayo haihitaji kungoja jengo. Waliopata nafuu wakiwa wawili, wapeni chumba cha shule au ofisi ya kijiji jioni moja kila wiki, na waacheni wazungumze bila kuitwa majina.