Mchezo Upi Unadai Uwezo Zaidi wa Mwili?

Wanafunzi hupenda kubishana: ni mchezo upi wa timu unaodai uwezo mkubwa zaidi wa mwili, kandanda, mpira wa kikapu au netiboli? Ubishi huu hauishi kwa sababu neno "uwezo" lina maana zaidi ya moja.

Mchezaji kandanda wa kulipwa huenda kilomita 10 hadi 12 hivi katika dakika 90. Kazi hiyo hutegemea zaidi pumzi, yaani uwezo wa moyo na mapafu kupeleka oksijeni kwenye misuli. Uwanja wa kikapu ni meta 28 kwa 15 tu. Humo hutakiwa kuruka na kuchomoka kwa kasi mara kwa mara. Katika netiboli, adakaye mpira hana budi kusimama upesi na kuutoa kabla ya sekunde 3 kupita. Mzigo huangukia magoti na vifundo vya miguu.

Mahali napo huathiri mambo. Arusha, chini ya Mlima Meru, iko meta 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huko ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani, hivyo kila pumzi huleta oksijeni pungufu. Timu itokayo Dar es Salaam kucheza kandanda katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid yaweza kuchoka mapema.

Basi kwa pumzi kandanda hutangulia. Kwa mruko, kikapu. Kwa kusimama ghafla, netiboli. Mwalimu achaguaye timu apime kila uwezo peke yake, asije akamwacha mrukaji hodari kwa kuwa tu si mkimbiaji.